Jiko la Makaa na Nyumba Isiyopumua

Mwezi wa Julai mafuta ya nazi huganda kwetu Makupa, Mombasa. Ukiamka alfajiri ukanyoosha mkono dirishani, wakuta mafuta yaliyokuwa yakimiminika jana mchana yamekuwa meupe, mazito, hayatoki chupani hata ukiipindua. Mamkubwa wangu huitoa chupa hiyo barazani akaiegemeza ukutani ingoje jua, na kila apitaye hupewa taarifa: "Kipupwe kimeingia. Hata mafuta yamelala." Hicho ndicho kipimajoto chake, nacho ni cha kutegemewa. Mafuta ya nazi huyeyuka yakifika nyuzi 24 au 25 hivi za Selsiasi, na usiku wa Julai kisiwani Mombasa joto hushuka hadi karibu nyuzi 20.

Nyuzi 20. Mtu wa Limuru au Nyahururu akiisikia hesabu hii atatuona tunadeka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa nyumba na afya uliotoka 2018, lilipendekeza kwamba katika nchi zenye majira ya baridi joto la ndani ya nyumba lisipungue nyuzi 18. Maana yake, usiku wetu mkali kabisa, tena nje, upepo ukivuma, una joto zaidi ya kile kiwango cha chini ambacho wataalamu wanakitaka chumbani kwa mtoto wa Ulaya. Nilimsomea mamkubwa habari hii. Akajitanda leso ya pili, akasema, "Hao waliopima hawajalala Makupa."

Ana haki. Baridi ya kwetu haimo kwenye namba peke yake. Inakuja baada ya masika, na Mei ndio mwezi unaotumwagia mvua kuliko yote, kwa hiyo kusi inapoanza kuvuma sawasawa mnamo Juni, kuta zimeshakunywa maji, magodoro yana unyevu, nguo zimeanikwa siku mbili na bado hazijakauka. Upepo wa bahari ukipita juu ya kitu chenye unyevu hukipokonya joto, na mwili uliolala juu ya shuka yenye unyevu nao hupokonywa. Mtu aliyezoea nyuzi 32 za Machi hana nguo nzito, hana blanketi la maana, na akiwa mzee hana hata nyama za kutosha mwilini za kumhifadhi.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Makupa na Majengo, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, imejengwa kwa adui mmoja, naye ni joto. Ukumbi unatoka mlango wa mbele moja kwa moja hadi uani ili upepo upite kama kwenye mfereji. Kuta za ndani haziishii kwenye paa. Zimeachwa chini kidogo, na kati ya ukuta na mabati, au makuti kwa nyumba za zamani, pana uwazi ambao mtoto aweza kupitisha mkono. Usiku utamsikia jirani wa chumba cha pili akikohoa. Hewa ya moto hupanda ikatokea hapo. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zina njia nyingine, kuta nene za matumbawe na nyua za ndani, lakini nazo zilikusudiwa kuleta ubaridi. Fundi aliyetujengea hakuwahi kufikiria kuzuia upepo. Alilipwa auingize.

Ndani ya nyumba kama hiyo watu wetu walijifunza kujipasha moto kwa makaa. Seredani iliwashwa uani, ikapepewa hadi makaa yakaiva mekundu, kisha ikaingizwa chumbani kwa mzee au kwa mzazi. Mwanamke aliyejifungua alikaa arobaini yake akikandwa kwa maji ya moto, akinyweshwa uji wa pilipili manga, na chumba chake hakikuachwa kipoe. Chetezo kilipita na ubani. Wanaume waliokuwa barazani walingoja muuza kahawa na dele lake, na dele nalo limekaa juu ya makaa. Nikifumba macho nikiambiwa "joto la nyumbani", ndicho ninachokiona: wekundu wa makaa gizani, na harufu ya tangawizi.

Hakuna aliyekufa. Nataka neno hilo likumbukwe tunapoendelea. Miaka na miaka makaa yaliingia vyumbani na watu waliamka salama, nasi tukaamini kwamba tunaujua moto. Kumbe nyumba ndiyo iliyokuwa ikitulinda, kwa ule uwazi wa juu ya ukuta ambao sote tuliulalamikia.

Simu iliyonifundisha jambo hili ililia asubuhi ya tarehe 30 Januari 2019, saa mbili, nikiwa nyumbani kwa mamkubwa. Januari ni kaskazi: feni ilikuwa inazunguka, kanzu imenigandama mgongoni. Aliyepiga ni mpwa wangu, mtoto wa binti yake mamkubwa, aliyeko Minneapolis, jimbo la Minnesota. Kwao ilikuwa saa tano ya usiku wa tarehe 29. Wale waliofuatilia habari za hali ya hewa watakumbuka wiki hiyo, ubaridi wa ncha ya kaskazini uliposhuka hadi katikati ya Marekani. Alfajiri iliyofuata kipimo cha Minneapolis kilisoma nyuzi 33 chini ya sufuri.

"Asalaam aleikum, nyanya. Mtambo wa kupasha nyumba umezima. Fundi hawezi kufika hadi asubuhi. Mtoto yuwatetema."

"Mbona mwafa na baridi, makaa hamna?"

Makaa walikuwa nayo. Mfuko mzima ulibaki varandani tangu kiangazi, pamoja na jiko la kuchomea nyama. Mamkubwa akatoa maagizo kama alivyopewa na mamake: washeni nje, pepeeni hadi moshi uishe kabisa, yakiiva yaingizeni chumbani, mfunge milango na madirisha joto lisitoke, mlale. Yalikuwa maagizo ya upendo, na kila hatua ilikuwa na sababu yake. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni sikuona kosa. Nakiri hivyo kwa sababu naandika haya kwa ajili ya watu kama mimi.

Aliyetuokoa ni mke wa mpwa wangu, anayefanya kazi ya kutunza wazee. Alichukua simu kwa adabu, akamwamkia nyanya, akasema: "Nyanya, nyumba za huku hazina pa kutokea hewa. Tukiingiza makaa hatuamki." Mamkubwa alinyamaza. Alihisi amekataliwa, na siku tatu hakuulizia habari za Marekani.

Nimefikiri sana kwa nini wawili wanaopendana walishindwa kuelewana usiku ule, na sehemu ya jibu imo katika lugha. Tuna neno moja, baridi. Kwalo tunaita usiku wa Julai Makupa, na kwalo mpwa wangu aliita kitu kinachoweza kumgandisha mtu vidole kwa dakika chache. Tarehe 11 Mei 1848 mmishonari Johannes Rebmann, aliyekuwa ametoka Rabai, hapo ng'ambo yetu, aliuona mlima Kilimanjaro kwa mara ya kwanza na kitu cheupe kileleni. Alimuuliza mwongozaji wake ni kitu gani. Mwongozaji hakuwa na neno la theluji, akadhani labda ni baridi. Jibu lile lilikuwa na ukweli ndani yake, na huko London wako wataalamu wa jiografia, William Desborough Cooley akiwa mbele, waliokataa kwa miaka kusadiki kuwa theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Barafu tumeipata kwa Waajemi, theluji kwa Waarabu. Kamusi zetu zina hata sakitu, umande ulioganda. Lakini mdomoni mwa mtu wa Makupa yote hurudi kuwa baridi, na dawa ya baridi ni makaa.

Sasa nieleze kile ambacho mke wa mpwa wangu alikijua nasi hatukukijua. Makaa yanapoungua hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi, na hewa ikiwa haba huitoa kwa wingi zaidi. Haina rangi. Haina harufu. Haichomi macho wala haikeri koo. Ikivutwa, hung'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo damu huzunguka mwilini ikiwa imebeba mzigo usio na faida. Ubongo na moyo hukosa hewa huku mtu akipumua kama kawaida. Kichwa huanza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, viungo vinalegea, kisha usingizi. Aliyelala tayari hapiti hatua hizo. Hupitishwa moja kwa moja.

Hapa ndipo hekima yetu ya zamani ilipokuwa na shimo. Tulifundishwa kuogopa moshi. "Pepea moshi uishe" ni sahihi kwa macho na kifua, lakini makaa mekundu yasiyo na moshi, yale mazuri kabisa yaliyoiva, ndiyo yanayoendelea kutoa gesi hiyo kimyakimya. Kukosekana kwa moshi hakuna maana yoyote. Jiko la udongo lililoboreshwa, lile la kiuno chembamba lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, limetuokolea makaa mengi na misitu pia, nalo vilevile halibadilishi jambo hili.

Na si sisi wa kwanza kutoka na dawa hii nyumbani tukaifikisha kwenye nyumba isiyoifaa. Januari 1993 tufani ilikata umeme Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Madaktari walihesabu watu 81 walioletwa na sumu ya kaboni monoksaidi, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamewasha makaa ndani. Walioyawasha karibu wote walitoka katika jamii za wachache, wengi wao wageni, pengine watu waliokuja na ujuzi wa moto kutoka nchi za nyumba wazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mifuko ya makaa inayouzwa Marekani ilianza kubeba picha ya onyo: jiko ndani ya nyumba, jiko ndani ya hema, jiko ndani ya gari, yote yamepigwa mstari. Picha ilitumiwa kwa kuwa maneno ya Kiingereza yalikuwa hayajawafikia waliohitaji kuyasoma.

Hata hivyo Desemba 2006 tufani nyingine ilipiga mji uleule, nyumba zaidi ya milioni moja za eneo hilo zikakosa umeme, na mamia ya watu wakafikishwa hospitali kwa sumu ileile. Wengine hawakufika. Gazeti la The Seattle Times likachapisha onyo katika ukurasa wake wa mbele kwa lugha kadhaa, Kisomali kikiwemo. Ninapofikiria ukurasa ule naona heshima kubwa: gazeti la Kiingereza kuacha nafasi yake ya thamani limwambie mama aliyetoka upande wa Kismayu, kwa lugha yake, asiingize makaa. Kiswahili kinahitaji ukurasa kama ule sasa. Wakongomani wanaozungumza Kiswahili wamehamishiwa kwa maelfu katika miji ya baridi kali ya Amerika ya Kaskazini, na wengi wametoka kambini ambako jiko la makaa lilikuwa mlangoni mwa hema.

Turudi Minneapolis. Usiku ule walifanya hivi, na nayaeleza kwa urefu kwa sababu kila mwaka kijana fulani wa Makupa, Tudor au Majengo hupanda ndege kuelekea kwenye Januari yake ya kwanza.

Kwanza waliacha nyumba nzima wakabaki na chumba kimoja, kidogo kuliko vyote, kisicho kwenye kona ya jengo. Watu watano katika chumba kidogo ni majiko matano. Kila mwili una nyuzi 37 zake na unazitoa usiku kucha. Taulo zilikunjwa zikazibwa chini ya mlango. Mablanketi yalitundikwa madirishani juu ya mapazia, kwani kioo ndicho kinachovujisha joto kuliko ukuta. Kisha wakahamisha magodoro mbali na ukuta wa nje. Sakafu nayo hunyonya joto la aliyelala, wakatandika makoti chini ya godoro.

Umeme ulikuwepo, kwa hiyo wakachemsha maji kwenye jiko la umeme, wakayatia kwenye chupa za mpira za maji moto, wakazivika soksi wakaziweka miguuni pa watoto. Hapo mamkubwa angekuwa mwalimu wao bila kosa, maana maji ya moto ndiyo sehemu ya elimu yake isiyo na sumu. Bomba za maji waliziacha zidondoke matone usiku mzima. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba la chuma halina nguvu ya kuyazuia. Hupasuka, na barafu ikiyeyuka nyumba inaingia mafuriko. Maji yanayotembea ni magumu kuganda.

Na nguo. Sisi wa pwani tukisikia baridi hutafuta vazi moja zito. Kinachohifadhi joto ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo, kwa hiyo nyepesi tatu hushinda nzito moja. Ya ndani isiwe ya pamba kama mtu anatoka jasho, kwa maana pamba ikilowa humpoza aliyeivaa. Sufu hata ikiwa na unyevu bado hutia joto. Soksi mbili ni nzuri zisipobana, zikibana damu haifiki vidoleni. Kichwa kifunikwe, hata kitandani. Mtoto akitetemeka mwili unajitahidi kuzalisha joto. Akiacha kutetemeka ilhali bado amepoa, ulimi umekuwa mzito na anataka kulala, joto la mwili limeshuka, pengine chini ya nyuzi 35, na hapo ni kupiga simu ya dharura, 911 kwao, bila kungoja fundi.

Alfajiri iliwakuta wanaona pumzi zao chumbani, lakini wote watano wanazo. Fundi alifika saa nne.

Niliwatembelea majira ya baridi yaliyofuata, na nilichokikuta ni maisha yaliyopangwa upya hadi kwenye ibada. Desemba jua la Minneapolis huzama kama saa kumi na nusu. Adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana mtu akiwa bado kazini. Mpwa wangu hutawadha nyumbani akavaa khufu, yaani soksi za ngozi, kisha siku nzima hupangusa juu yake tu, ruhusa ya mchana na usiku mmoja kwa mkazi, siku tatu kwa msafiri. Nilizijua hukumu hizo tangu chuoni nikiwa mtoto, na nilizihifadhi kama habari za nchi za mbali. Kule zilinifaa miguuni. Koti nililokwenda nalo nililinunua kwenye mitumba ya Kongowea. Ndani lilikuwa na kibandiko cha duka la kule kule Marekani. Lilikuwa limevuka bahari kuja Kilindini kwenye robota, nami nikalirudisha. Vijana wa bodaboda pale mzunguko wa Makupa huyavaa makoti ya aina hiyo kinyume, mgongo mbele, asubuhi za Julai, ili upepo usiwaingie kifuani. Wana akili: wameelewa kwamba kazi ni kuzuia upepo.

Hita za umeme, mbadala wa makaa, nazo zina hadithi yao ya kusikitisha. Tarehe 9 Januari 2022 katika mtaa wa Bronx, New York, hita moja ndogo iliwaka moto katika ghorofa la Twin Parks na watu 17 wakafa, 8 kati yao watoto. Familia nyingi humo zilikuwa na asili ya Gambia. Moto haukwenda mbali. Moshi ndio uliopanda ngazi, kupitia milango ambayo ilipaswa kujifunga na haikujifunga. Sheria ya New York inamlazimu mwenye nyumba, kuanzia Oktoba hadi Mei, kuhakikisha chumba kina angalau nyuzi 20 mchana nje kukiwa baridi, na kama 17 usiku. Mpangaji aliyehamia kutoka kwetu mara nyingi hajui kwamba ana haki hiyo, akaona ni uungwana kuvumilia na kujinunulia hita ya bei nafuu. Asivumilie. Alalamike. Na hita ikae mbali na pazia na kitanda, ichomekwe ukutani moja kwa moja, izimwe watu wakilala.

Ningetamani niseme mambo haya ni ya ughaibuni. Lakini Makupa inabadilika. Nyumba za ukumbi zinabomolewa moja moja, maghorofa yanapanda. Pale Buxton nyumba za zamani za manispaa zimeshaondoka na majengo marefu yamesimama. Siwalaumu wajenzi wala wanaohamia. Watu wameongezeka na kisiwa hakitanuki. Ila tazama kilichopotea. Dirisha la alumini la kusukuma likifungwa limefungwa. Dari ya jipsamu imefika ukutani pande zote. Mlango una mpira pembeni ili mbu na vumbi visiingie. Ule uwazi wa juu ya ukuta haupo tena. Tumejijengea nyumba ya Minneapolis Makupa, tukahamia na seredani yetu.

Julai moja yenye mvua, mamkubwa aliitwa kumkanda mzazi katika ghorofa ya pili, si mbali na steji. Kusi ilikuwa inapiga, madirisha yakafungwa kwa ajili ya mtoto. Jiko la makaa liliingizwa chumbani lipashe maji na chumba kwa pamoja. Baada ya muda mzazi akasema kichwa kinamuuma. Wakasema ni uzazi. Mamkubwa naye akahisi kizunguzungu. Akasema ni umri. Mtoto alilala usingizi mzito, wakafurahi kwamba ametulia. Kijana wa nyumba hiyo alipofungua mlango kuleta mafuta alimkuta mamkubwa amekaa sakafuni, hawezi kuinuka, na jiko liking'aa vizuri kabisa bila chembe ya moshi.

Alifungua madirisha yote, akawatoa wote kwenye ngazi penye hewa, mtoto kwanza, wakapelekwa hospitali wakawekewa oksijeni. Wote wako hai. Mtoto yule sasa anakimbia barazani.

Mamkubwa alikaa kimya siku nyingi, kimya tofauti na kile cha 2019. Siku moja alinitaka nimpigie simu mke wa mjukuu wake. Hakumuomba radhi kwa maneno; sisi hatufanyi hivyo kwa aliye mdogo. Alimuuliza, "Wewe ulijuaje?" Akasikiliza hadi mwisho.

Siku hizi bado anakanda wazazi. Seredani hukaa uani, au kwenye roshani ikiwa ni ghorofa, maji huchemshwa huko na kuletwa kwa ndoo. Dirisha moja huachwa wazi kiasi cha kiganja hata kusi ikivuma. Ukimwambia mzazi atapata upepo, atakujibu kwamba upepo una dawa.

Kila Juni na Julai magazeti yetu hubeba habari kutoka bara, kutoka vyumba vya kupanga vya Nairobi na nyumba za milimani Kiambu na Nyandarua, za familia zilizolala na jiko na hazikuamka. Sisi wa pwani huzisoma kama habari za watu wa baridi. Tuzisome upya. Ikiwa watu wawili au zaidi katika nyumba moja wanaumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa wakati mmoja, na mmoja akitoka nje anapata nafuu, hiyo si homa wala si jicho la mtu. Fungueni, tokeni, zimeni jiko mkiwa mmeshawatoa watu, mpige 999 au 112, mkimbilie hospitali mkaseme neno "makaa" mlangoni, ili daktari ajue cha kutafuta.

Na ukiwa na mtoto wako anayeelekea Toronto, Minneapolis au Leicester mwaka huu, ukimfungia mahamri na achari kwenye sanduku, mtilie na pesa za kununua king'ora cha kaboni monoksaidi, kile kidogo cha kubandika ukutani. Kisha kabla hajaingia kwenye gari la kwenda uwanja wa ndege, mshike mkono umwambie kwa lugha yenu: usiku baridi ikizidi, nipigie simu saa yoyote, lakini makaa yaache nje.